MAJENGO MAREFU YA DAR ES SALAAM, NA SISI TULIO MBALI NAYO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kiberege)



Kamati yetu imetutaka tuseme nanyi juu ya majengo marefu yaliyosimama katikati ya mji wa Dar es Salaam, kama yafaa kusifiwa ama kulaumiwa. Kwanza twatoa shukrani zetu kwa heshima hiyo. Twajua ya kwamba wako baadhi yenu waliouliza, Khabari hii yatuhusu nini sisi tukaao Kiberege, ambao nyumba zetu ni za chini, na milima ya Udzungwa ndiyo kuta zetu ndefu? Ni swali la haki. Jibu letu kwa ufupi ni hili: yatuhusu kwa sababu baadhi ya majengo yale, tena yaliyo marefu kupita mengi, yamejengwa kwa fedha ya watumishi wa Serikali, nasi tu miongoni mwao, na tena yamepata mwanga na baridi kwa umeme ambao kwa miaka mingi umetoka katika maji ya upande wetu. Mtu aliyetoa fedha na maji hawezi kusema kuwa nyumba si yake.

Kwa ajili ya wale ambao hawajafika Dar es Salaam miaka ya karibuni, hatuna budi kueleza kidogo jinsi mji ulivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 mji ule ulikuwa na watu wapatao 69,000. Katika sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Watu wameongezeka hivyo, lakini ile ardhi iliyo kati ya bandari na Mnazi Mmoja haikuongezeka hata pima moja. Ndipo majengo yakaanza kwenda juu. Ukisimama leo Kigamboni ukautazama mji ng'ambo ya maji, waona minara pacha ya Benki Kuu. Waona minara miwili ya ghorofa 35, iliyojengwa na uliokuwa Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, yaani PSPF, karibu na barabara ya Sokoine. Na waona jengo la Mamlaka ya Bandari, lenye ghorofa zipatazo 40. Hayo mawili ya mwisho yamepita mita 150 kwenda juu. Aliyepata kuyaona maporomoko ya Sanje, hapa njiani petu ya kwenda Kidatu, ataelewa urefu huo mara moja, maana maporomoko yale hukadiriwa kuwa mita 170. Basi fikirini kana kwamba Sanje imegeuzwa nyumba, na makarani wameketi mezani tangu bondeni hata karibu na kileleni.

Desturi ya kujenga juu ili watu watazame haikuanza jana. Huko Unguja Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nayo ikawa juu ya nyumba zote zilizoizunguka, na mabaharia wakaiona kutoka mbali kabla ya kuona watu wa mji. Katika mji wa Chicago, Marekani, ilijengwa mwaka 1885 nyumba ya kampuni ya bima, yenye ghorofa 10, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa majengo haya yote. Ilisimama kwa mifupa ya chuma, si kwa unene wa kuta. Na kabla yake, mwaka 1854, fundi Elisha Otis aliwaonyesha watu wa New York lifti isiyoanguka hata kamba yake ikikatwa. Mambo hayo mawili, chuma na lifti, ndiyo yaliyofungua njia ya juu. Pasipo hayo nyumba haiwezi kupita sana ghorofa tano au sita, kwa kuwa miguu ya wanadamu hukataa. Walakini tukumbuke pia mwisho wa nyumba hizo mbili. Ile ya Chicago ilibomolewa mwaka 1931. Na Beit al-Ajaib, sehemu yake kubwa ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Urefu huleta sifa, lakini hauleti umri.

Kwa Dar es Salaam yenyewe, urefu wa nyumba umekuwa na maana nyingine tangu zamani. Sultani Majid alianza kuujenga mji ule katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakauhamishia makao yao makuu mwaka 1891 kutoka Bagamoyo. Tangu wakati wao, na baadaye zaidi wakati wa Waingereza, sheria za ujenzi ziligawa mji katika sehemu tatu. Watu wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni palikuwa na nyumba zenye bustani na upepo wa bahari. Uhindini palikuwa na maduka na ghorofa zilizobanana. Uswahilini, kama Kariakoo, palikuwa pa nyumba za udongo na miti, za chini. Hivyo mtu aliweza kujua cheo cha mwenzake kwa kutazama paa lake. Karani Mwafrika aliyeandika barua za Serikali mchana katika nyumba ya ghorofa, jioni alirudi kulala katika nyumba ambayo sheria haikuitazamia kudumu.

Twasema haya ili tusiwadharau wale wanaoyasifu majengo mapya. Wanachama walio wengi katika mazungumzo yetu walisema hivi: Mtoto wa mkulima wa mpunga wa Mang'ula akipanda lifti asubuhi kwenda kazini katika ghorofa ya 30, akaitazama bandari yote chini yake, hilo si jambo dogo. Babu yake angelifika pale kama mchukuzi wa mizigo. Wakasema tena ya kwamba ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na afadhali ofisi mia zikae juu ya kiwanja kimoja kuliko kutawanyika na kula mashamba ya watu wa pembeni. Sisi twakubaliana nao katika hayo. Fahari ya namna hiyo si dhambi.

Walio wachache walisema vinginevyo. Walisema majengo yale ni mnara wa Babeli. Kwamba ni vioo vitupu, havina asili yetu. Kwamba fedha iliyomwagwa pale ingelijenga nyumba za walimu na zahanati wilaya nzima. Nao pia hawakusema bila sababu. Lakini neno la asili lilitufanya tufikiri, maana sisi watu wa bonde hili si wageni wa kukaa juu.

Nani kati yetu asiyelijua dungu? Wakati wa masika mto Kilombero hupanda ukafunika mbuga, na mtu mwenye shamba la mpunga hawezi kuliacha, kwa sababu ya ndege mchana, na nguruwe na viboko usiku. Basi wazee wetu walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakatandika jukwaa, wakaezeka nyasi, wakakaa juu ya maji. Wengine walihamia huko na watoto na kuku kwa miezi. Moto uliwashwa na moshi wake ukafukuza mbu. Hiyo ndiyo ghorofa yetu ya kwanza, nayo ilijengwa bila msumari. Sasa tazameni adabu ya dungu. Halikupandishwa ili jirani aone wivu. Lilipandishwa kwa sababu maji yalikuwa chini. Urefu wake ulipimwa kwa mafuriko, si kwa dungu la mwenzako. Kuta zake zilikuwa wazi kwa upepo. Na aliyekuwa juu kazi yake ilikuwa kulinda kilichokuwa chini, yaani chakula cha watu wote wa nyumba.

Ndugu wanachama, kwa fikira zetu hicho ndicho kipimo, wala hatuhitaji kukiazima kwa mtu. Jengo refu lisisifiwe kwa urefu wake wala lisilaumiwe kwa urefu wake. Liulizwe maswali matatu: Limepandishwa kwa haja gani? Linapatanaje na jua na upepo wa mahali lilipo? Na aliye chini, mwenye fedha yake, anapata nini? Tutayatazama moja moja, na hilo la fedha tutaliweka mwisho, kwa kuwa ndilo letu hasa.

Juu ya haja. Nyumba ya kukaa watu, hospitali, chuo, ofisi zinazokutana na watu wengi, hizo zina haja. Walakini ofisi hufuata Serikali, na Serikali huhama. Watu wa Kiberege hatuhitaji kufundishwa neno hili. Katika miaka ya 1930 hapa petu palikuwa boma ya wilaya, na Bwana Culwick, aliyeandika pamoja na mkewe kitabu cha khabari za Wabena wa mtoni, aliishi hapa akiwa afisa wa Serikali. Boma ikaondoka, na pamoja nayo yakaondoka makarani, wenye maduka na wenye kesi. Tulijifunza ya kuwa nyumba ya ofisi haiishi kwa mawe yake bali kwa watu waingiao mlangoni. Dar es Salaam nayo imeonja jambo hilo. Azimio la kuhamia Dodoma lilipitishwa mwaka 1973, likakaa miaka mingi likingoja, na kuanzia mwaka 2016 wizara zikahama kweli, zikajengewa mji wao Mtumba. Basi kila mwenye jengo la ofisi mjini Dar es Salaam alilazimika kujiuliza, Nani atapanga kwangu? Ghorofa iliyo wazi haizai kitu, lakini lifti yake hutakiwa kutengenezwa, vioo vyake kuoshwa, na mlinzi wake kulipwa.

Juu ya jua na upepo. Hapa twaona lawama ina nguvu zaidi. Wazee waliojenga Dar es Salaam ya kwanza, pamoja na makosa yao mengine, walilijua jua. Tazameni hospitali ya Ocean Road iliyojengwa mwaka 1897: baraza pana pande zote, dari iliyo juu, madirisha yanayokaribisha kaskazi na kusi. Hata majengo ya ghorofa ya miaka ya 1950 hadi ya 1970 yalikuwa na matofali ya matundu na mabamba ya zege yaliyosimama kama mapezi mbele ya madirisha ili kukata jua. Baadaye ikaja desturi ya kuvika nyumba kioo kitupu toka chini hata juu. Desturi hiyo ina maana katika nchi za baridi, ambako jua ni mgeni atamaniwaye. Kwetu jua ni mwenyeji. Mwanga wake hupenya kioo ukaingia ndani, ukageuka joto, na joto lile haliwezi kutoka kwa urahisi kama lilivyoingia. Ndivyo gari lililofungwa vioo linavyokuwa tanuri. Katika nchi iliyo karibu na ikweta kama yetu, ukuta unaoumizwa zaidi ni ule wa mashariki asubuhi na ule wa magharibi jioni, kwa sababu jua huwa chini na kibaraza hakiwezi kulizuia. Kwa hiyo nyumba ndefu yenye akili huelekeza mbavu zake nyembamba mashariki na magharibi, na mbavu zake pana kaskazini na kusini. Fundi wa nyumba za udongo hulijua hili bila kwenda chuo. Lakini waweza kuona mjini jengo lililofanya kinyume, na watu waliomo ndani wamebandika magazeti madirishani.

Nani alipaye deni la joto hilo? Hulipa kiyoyozi, na kiyoyozi hula umeme. Mabwana, hapa ndipo bonde letu linapoingia. Kituo cha Kidatu kilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Kihansi kikafuata, chenye megawati 180, mwanzoni mwa karne hii. Na maji ya Kilombero ndiyo sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, ambayo sasa yazungusha mitambo ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hatulisemi hili kwa uchoyo. Umeme ni wa Taifa, nasi twafurahi kuwa mto wetu wamulika hospitali na viwanda. Lakini twaona si vema mto utokwe na jasho kwa ajili ya kupoza kosa la mchoraji, ambalo kivuli cha zege cha nusu mita kingelizuia bila gharama ya kila mwezi.

Wala mtu asiseme ya kuwa hakuna Mwafrika ajuaye kuchora jengo linalofaa nchi hii. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuishika kazi hiyo. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyopangwa pamoja. Upepo hupita chini yake, na muuza mchicha hukaa kivulini. Moto uliliharibu Julai 2021, likatengenezwa upya. Jengo lile si refu kama minara ya bandarini, lakini mtu akiuliza ni jengo gani la Dar es Salaam lisiloweza kuhamishiwa nchi nyingine bila kupoteza maana, wengi watalitaja hilo. Tena Chuo Kikuu cha Ardhi hufundisha vijana kazi ya usanifu kila mwaka. Upungufu si wa watu wa kuchora. Upungufu ni wa wenye fedha kuwauliza swali lililo sawa.

Kabla ya kufika kwenye fedha, hatuwezi kupita neno la usalama, maana hapo hapana maoni mawili. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya mji, katika mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, nalo halikuwa refu, ghorofa chache tu, likaua watu zaidi ya 25. Tuyatazame mawili hayo pamoja. Yatufundisha ya kwamba hatari haimo katika urefu, imo katika msingi uliochimbwa bila hesabu, nondo zilizopunguzwa, na mkaguzi asiyefika. Na huko London, mwaka 2017, moto ulishika jengo la makazi la ghorofa 24 liitwalo Grenfell, ukaua watu 72, katika mji wenye zimamoto ya siku nyingi, kwa sababu mavazi ya nje ya jengo lile yaliukaribisha moto badala ya kuukataa. Sisi makarani tuna sehemu yetu katika hili. Kibali cha ujenzi hupita mezani kwa karani. Faili ya ukaguzi hufunguliwa na karani. Mkaguzi akiandika kuwa jengo lisimame, na barua ile ikalala katika trei wiki tatu, watakaokufa hawatajua jina la trei. Tuone fahari katika kazi hiyo ndogo, kwa maana ndiyo msingi ulio chini ya misingi yote.

Sasa fedha. Wengi wetu hukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya pensheni, na kwa kuwa kukatwa kumekuwa mazoea, hatukutazami tena. Sheria ya PSPF ilikuja mwaka 1999. Mwaka 2018 mfuko huo ukaunganishwa na mifuko ya LAPF, GEPF na PPF, ikawa mmoja, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. Katika kila shilingi 100 za mshahara mtumishi hutoa 5, na mwajiri hutoa 15. Basi karani mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hutoa 30,000 kwa mwezi, na mwajiri huongeza 90,000. Jumla 120,000 kila mwezi, na kwa mwaka 1,440,000. Makarani kumi tu wa kituo kimoja, kwa miaka kumi, ni shilingi 144,000,000 kabla ya faida. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vya nchi nzima vikikusanywa, ndipo panapatikana mnara wa ghorofa 35.

Kwa nini mfuko hujenga? Kwa sababu fedha ikilala hupungua nguvu. Shilingi iliyowekwa leo lazima imfae mtu atakayestaafu baada ya miaka 30, na bei za vitu hazitamngojea. Kwa hiyo wadhamini hununua hati za Serikali, hisa, na majengo ambayo kodi yake hupanda pamoja na bei. Njia hiyo haina kosa, na mifuko ya nchi nyingi huifuata. Lakini jengo ni ng'ombe wa ajabu: huwezi kukata mguu mmoja ukauza siku ya shida. Likiwa na wapangaji hutoa maziwa. Likikosa hula majani tu. Na mstaafu aliye Malinyi au Mlimba hawezi kula mandhari ya bandari. Injili inamtaja mjenzi aliyeanza mnara bila kupima fedha yake, akawa kichekesho cha wapita njia. Sisi twaongeza: mjenzi atumiaye fedha ya wengine apaswa kupima mara mbili.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo manne, ili mkutano uyajadili.

La kwanza: kwamba Chama kiombe, kwa adabu na kwa maandishi, kupitia wawakilishi wa wafanyakazi waliomo katika bodi ya wadhamini, ili taarifa ya kila mwaka ieleze kwa lugha nyepesi khabari ya kila jengo kubwa la mfuko: liligharimu kiasi gani, ghorofa ngapi zimepangwa, kodi iliyoingia ni ngapi, na gharama za kulitunza ni ngapi. Mwenye shamba kuuliza mavuno si utovu wa heshima.

La pili: kwamba jengo lolote jipya la fedha ya watumishi lichorwe kwa jua la hapa, na hesabu ya umeme litakaoutumia iwekwe mezani kabla ya jiwe la kwanza, pamoja na hesabu ya saruji.

La tatu: kwamba sehemu ya fedha hiyo ifikiriwe kwa nyumba za chini na za kati katika wilaya, ambako mtumishi mpya hufika na sanduku lake akakosa pa kulala. Hatusemi wadhamini watupe fedha kwa huruma. Nyumba ya kupangisha mahali palipo na walimu, wauguzi na maafisa wa misitu hupata mpangaji kabla rangi haijakauka.

La nne latuhusu wenyewe hapa. Barabara ya lami imeunganisha Kidatu na Ifakara, na daraja la mto Kilombero limeondoa kivuko kilichotupotezea wenzetu. Mji wa Ifakara unakua, na ghorofa zimeanza kuinua kichwa sokoni. Watakaotoa vibali ni sisi na wenzetu. Tusingoje mpaka tuige kosa la mjini kisha tukaliita maendeleo. Mtu akileta mchoro wa nyumba ya vioo inayoelekea magharibi, tumwulize kwa upole kama amewahi kukaa Ifakara mwezi wa Desemba saa tisa alasiri. Akileta mchoro wa ghorofa kiwanjani ambako maji ya masika hufika, tumwulize dungu lake lina nguzo za urefu gani.

Yaweza kuwa wako watakaosema ya kwamba tumeingia katika mambo ya wakubwa. Hatuoni hivyo. Waswahili husema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Majengo yale ya bandarini tumeyaona milango kwa muda mrefu, katika picha za kalenda zilizotundikwa ofisini mwetu. Ni milango mizuri, na twafurahi kwamba nchi yetu imeweza kuisimamisha. Sasa twaomba kuingia ndani, tukiwa na daftari mkononi, kama wenye nyumba.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yamekwisha. Twakaribisha mawazo ya kila mwanachama, hasa ya wale wasiokubaliana nasi.